Kukwama Mbele ya Umeme

Katikati ya Januari 2024 baridi kali iliushika mji wa Chicago, Marekani. Vipimajoto vilishuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo uliokuwa ukivuma uliifanya ngozi ihisi baridi zaidi ya hapo. Katika siku hizo hizo vituo vya kuchajia magari ya umeme vya Oak Brook na Evergreen Park, vitongoji vilivyo kando ya mji huo, vilijaa magari yasiyoweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mengine yalifika na chaji kidogo, yakakaa kwenye foleni kwa saa nyingi, yakazimika kabla zamu haijafika. Mengine yalipata nafasi, yakachomekwa waya, lakini asilimia kwenye kioo ikabaki palepale. Baadhi ya mashine zenyewe hazikufanya kazi. Wapo walioacha magari pale pale na kuomba lifti kwa marafiki, na wapo waliolazimika kuita magari ya kukokota.

Picha za siku zile zilizunguka dunia nzima. Wasioyapenda magari ya umeme walizipokea kama ushahidi kwamba magari haya hayafai, na wanaoyapenda wakasema kosa ni la madereva. Pande zote mbili zilihukumu haraka mno. Waliokwama walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, watu waliokuwa wakiendesha magari hayo kila siku bila tatizo la kuwatisha. Ningekuwa pale, sioni kwa nini nisingekwama pamoja nao. Ndiyo maana naona kisa hiki tukisome kwa utulivu sasa, wakati magari haya yameanza kuonekana Kigali, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na wengi wetu tukilitazama moja tunauliza mambo mawili tu: bei gani, na linakwenda kilomita ngapi.

Mmoja wa waliokumbwa na mkasa ule alikuwa kijana anayebeba abiria wa Uber kwa gari la kukodi, Chevrolet Bolt. Alipotoka kwenda kituoni, kioo cha gari kilimwonyesha bado ana maili 30, yaani karibu kilomita 48. Dakika chache baadaye betri ikaisha kabisa. Ikabidi gari livutwe mpaka kituoni, na hata lilipofika na kuchomekwa waya, mwanzoni hakukuingia kitu. Kazi ya kuchaji ambayo kwa kawaida ilimchukua kama saa moja ilimchukua saa tano. Fikiria mtu anayelipia gari kwa kukodi, anayekula kile alichopata siku hiyo, amekaa saa tano ndani ya gari lisilotembea, nje baridi ya kugandisha mate.

Zile kilomita 48 zilikwenda wapi? Hazikuwa kitu kilichopimwa kwa fimbo. Tarakimu ile ya kioo ni makisio ambayo kompyuta ya gari huyafanya kutokana na chaji iliyobaki na jinsi gari lilivyoendeshwa kabla ya hapo. Hali ikibadilika ghafla, makisio yanaachwa nyuma. Gari la petroli hupasha joto abiria kwa joto la injini ambalo lingepotea bure. Gari la umeme linalazimika kulitoa joto hilo kwenye betri ile ile inayolisukuma. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari kadhaa ya umeme kwenye baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, na kikakuta umbali umepungua kwa wastani wa asilimia 41. Matokeo yalitangazwa wazi, karibu miaka mitano kabla ya Januari ile. Na Chicago siku zile ilikuwa na baridi kali kuliko hiyo iliyopimwa.

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na ilipuuzwa kwa sababu haikumfikia mtu katika lugha ya maisha yake. Asilimia 41 ni maneno ya ripoti. Angeambiwa, "Ukiona 30 kwenye kioo siku ya baridi, usitoke nje ya mtaa wako," angeelewa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya wiki ile yalikuwa mengi: watabiri wa hali ya hewa walionya mapema, na baridi ilidumu siku kadhaa bila kulegea. Aliyefika kituoni Jumapili akakuta foleni, Jumatatu akaja tena na chaji kidogo kuliko jana, akitumaini leo patakuwa na nafuu.

Kuna dalili nyingine iliyo ya ndani zaidi, nayo inahusu betri yenyewe. Betri za lithiamu hufanya kazi kwa chembe za umeme kusafiri ndani ya kimiminika, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Asubuhi ya Juni kule Njombe mafuta ya nazi huganda kwenye chupa, ukaigeuza chupa na yasitoke. Ndani ya betri iliyopigwa na baridi safari ya chembe hizo huwa nzito namna hiyo. Ukilazimisha umeme mwingi uingie kwa kasi, lithiamu hujilundika juu ya bamba hasi badala ya kuingia ndani yake, na betri hudhurika moja kwa moja. Kwa hiyo kompyuta ya gari huuzuia umeme makusudi. Ule unaoingia hutumika kwanza kuipasha betri joto, na wakati huo asilimia haipandi. Dereva anatazama kioo, anaona sifuri, nusu saa inapita, bado sifuri. Anadhani mashine ni mbovu, anachomoa, anahamia nyingine, na lile joto kidogo lililokwisha kuingia linapotea.

Watengenezaji walilijua jambo hili na waliweka dawa yake ndani ya gari. Katika magari ya Tesla, ukikiandika kituo cha chaji kwenye ramani ya gari kama mahali unapokwenda, gari huanza kuipasha betri joto njiani, ili ifike tayari kupokea. Lakini hebu tujiulize kwa ukweli: nani anayewasha ramani kwenda mahali anapopajua? Kituo kiko nyuma ya duka analonunulia chakula kila wiki. Anakwenda tu. Gari nalo, kwa kutoambiwa linakwenda wapi, halikujua lijiandae, likafika na betri baridi kama jiwe. Na hata anayejua kuitumia ramani, akishabakiwa na chaji ndogo sana, betri haina tena nguvu ya kujipasha. Dawa ilikuwepo, ilihitaji kunywewa mapema.

Nimekaa sana kwenye baridi, na msomaji wa Tanga au Lamu anaweza kusema hayo si yetu. Naomba anivumilie, maana kiini cha mkasa ule hakikuwa baridi peke yake.

Wiki ile ile, katika mji ule ule, walikuwepo wenye magari ya umeme ambao hawakuijua foleni hata kidogo. Walikuwa na gereji au sehemu ya kuegesha nyumbani, na waya ukutani. Gari lilikunywa umeme polepole usiku kucha, na asubuhi, likiwa bado limechomekwa, lilipasha joto viti na betri kwa umeme wa nyumba bila kugusa akiba yake. Nchini Norway, ambako theluji ni jambo la kila mwaka, zaidi ya magari manne kati ya matano mapya yaliyouzwa mwaka 2023 yalikuwa ya umeme. Watu wa huko hawana damu tofauti na ya watu wa Chicago. Wengi wao huchaji nyumbani, na kituo cha barabarani hukitumia wanaposafiri mbali.

Waliokaa foleni Oak Brook, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanategemea kituo cha umma kwa mahitaji ya kila siku. Wengine waliishi kwenye nyumba za ghorofa zisizo na pa kuchomekea waya. Wengine, kama yule kijana wa Uber, walipewa funguo za gari na hakuna aliyewauliza gari litalala wapi. Dalili hii ndiyo kubwa kuliko zote na ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kiangazi, jua likiwaka, kila kitu kikienda vizuri. Mtu asiye na chaji nyumbani ana mlango mmoja tu wa kupitia. Siku mlango huo ukizibwa, iwe kwa baridi, iwe kwa foleni, iwe kwa umeme kukatika, hana pa kwenda. Na kukatika kwa umeme, ndugu msomaji, sisi hatuhitaji kufundishwa na Chicago.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari linakwenda kilomita ngapi, tuulize litalala wapi na litachomekwa kwenye nini.

Tuanze na soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya matundu matatu tunayochomekea pasi na jokofu. Je, inaweza kuchaji gari? Ndiyo, inaweza. Magari mengi huja na waya wenye kasha dogo katikati, upande mmoja plagi ya nyumbani, upande wa pili plagi ya gari. Soketi yetu imeandikwa ampea 13, lakini kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo mafundi makini huishia ampea 10. Kwa voti 230, hiyo ni kilowati 2.3. Gari lenye betri ya kilowati-saa 40, tuseme Nissan Leaf, likiwa karibu tupu litahitaji zaidi ya saa 17 kujaa. Inaonekana muda mrefu, lakini mtu anayekwenda kazini na kurudi, kilomita 50 kwa siku, hutumia kama yuniti nane hivi, yaani kilowati-saa nane, na hizo zitaingia kwa saa tatu na nusu mpaka nne akiwa amelala. Kwa familia nyingi za mjini soketi moja iliyo nzima inatosha. Neno la kushika hapo ni "nzima".

Birika la umeme huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, kisha hupumzika. Pasi hujizima na kujiwasha. Gari halipumziki: linavuta ampea 10 saa sita, saa nane, usiku baada ya usiku. Skrubu iliyolegea ndani ya soketi, ambayo kwa birika isingejulikana miaka kumi, kwa gari itajulikana mwezi wa kwanza. Na haijifichi. Kwanza plagi inakuwa ya moto ukiishika asubuhi. Kisha pembeni ya tundu moja panatokea rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye plastiki nyeupe. Kisha harufu, ile harufu kali ya samaki au plastiki inayoungua ambayo mtu hudhani inatoka kwa jirani. Baadaye plagi inakuwa ngumu kutoka kwa sababu plastiki imeanza kuyeyuka na kushikana. Ukifika kwenye rangi ya kahawia, acha kuchaji siku hiyo hiyo, mwite fundi. Usihamie soketi ya pili ya chumba hicho hicho, kwa kuwa mara nyingi zinakula waya mmoja na kosa la huku ndilo la kule.

Ekstensheni nayo inahitaji kusemwa wazi. Gari limeegeshwa uani, soketi iko sebuleni, waya haufiki. Mkono unakwenda wenyewe kwenye ile ekstensheni ya televisheni. Nawasihi, tusifanye hivyo. Waya wake ni mwembamba kwa mzigo huu, na ukiwa umeviringishwa, joto halina pa kutokea, linajikusanya katikati mpaka plastiki inalainika. Kama soketi haifiki, ongeza soketi karibu na gari, yenye waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa umeme na swichi yake ya kujikata.

Sasa lile kasha dogo katikati ya waya. Watu wengi huliona kama kero. Kazi yake mojawapo ni kukagua kama nyumba ina ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kuupitisha kwenye mwili wa mtu. Nyumba zetu nyingi za zamani hazina ethi ya kweli, au zina nguzo iliyokwishaoza chini ya udongo. Ukichomeka, kasha linawasha taa nyekundu na kukataa kabisa kuchaji. Hapo ndipo tunapojaribiwa. Mwenye gari ana haraka, fundi naye anataka kumfurahisha mteja, na njia ya mkato ni kuunganisha waya wa ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya soketi ili kasha lidanganyike. Taa inageuka kijani, gari linachaji, fundi anasifiwa. Lakini waya wa nyutro ukija kukatika mahali fulani, bodi la gari, chuma chote kile, linaweza kushika umeme, na mtoto anayeligusa akiwa pekupeku kwenye uwanja uliolowa mvua hana kinga yoyote. Taa ile nyekundu imekagua nyumba yako bure na kukuambia kweli. Fukia nguzo mpya ya ethi, ipimwe kwa kifaa, ndipo uchaji. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya bei ya gari.

Mwenye uwezo anaweza kufunga sanduku la ukutani la kuchajia, la kilowati 7 hivi. Linafupisha zile saa 17 za gari la kilowati-saa 40 kuwa kama saa sita, mradi gari lenyewe lina uwezo wa kupokea kasi hiyo. Hapa wengi hujikwaa. Umeme wa nyumbani na wa vituo vya kasi ndogo ni ule wa mkondo geu, na betri haiupokei mpaka ugeuzwe na chaja iliyomo ndani ya gari. Chaja hiyo ndiyo inayoamua kasi. Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Ukilifungia gari hilo sanduku la kilowati 7, au hata la 22, litapokea 3 zile zile, na pesa ya ziada imekwenda bure. Uliza kabla ya kununua sanduku.

Na kwa kuwa nimeitaja Japani, vituo vya umma vina tatizo lao ambalo halina uhusiano na baridi wala joto: umbo la plagi. Magari ya soko la Japani kwa kawaida huja na mdomo wa CHAdeMO kwa chaji ya kasi na Type 1 kwa chaji ya polepole. Ya Ulaya mengi yana CCS2 na Type 2. Yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T. Sisi tunaagiza magari kutoka pande zote hizo, mengi yakiwa yametumika, na muuzaji aliye ng'ambo hana sababu ya kukuambia kwamba katika mji wako kituo kilicho karibu kina waya wa umbo jingine. Gari linashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, linang'aa, linawaka, mwenyewe anakwenda kituoni kwa furaha, na plagi haiingii. Dalili yake ilikuwepo kwenye picha za tangazo, kwenye ile ya kifuniko cha chaji kikiwa wazi, picha ambayo wengi hatuiombi kwa sababu tunatazama viti na rimu. Iombe. Kisha chukua picha hiyo uende nayo mwenyewe kwenye kituo unachotarajia kukitumia, ulinganishe kwa macho yako. Viunganishi vya kubadilisha umbo vipo, ila vya chaji ya kasi ni ghali na si vyote vinavyoaminika.

Joto la pwani nalo lina maneno yake kwa betri. Betri ya Leaf za matoleo ya awali, ambazo ndizo nyingi kwetu, haipozwi kwa maji. Hutegemea hewa inayopita nje yake. Ukiichaji kwa kasi mchana wa Februari, ukaendesha barabara kuu, ukachaji kwa kasi tena, betri hupanda joto na gari hupunguza lenyewe kasi ya kupokea, kama lile la Chicago lilivyofanya kwa sababu ya baridi. Dereva asiyejua atailaumu mashine. Kwa safari ndefu, panga chaji ya pili iwe jioni, au ongeza muda wa kupumzika. Na anayenunua Leaf iliyotumika atazame vile vijiti 12 vidogo vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi. Vikiwa vimepungua, betri imekwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake na haitarudi.

Ukiwa kituoni, usisubiri asilimia 100 bila sababu. Kasi hushuka sana chaji ikishapita 80, na zile asilimia za mwisho zinaweza kukuchukua muda karibu sawa na wote uliotangulia, huku mwenzako nyuma akibakiwa na 4. Foleni ya Oak Brook ingekuwa fupi kidogo kama jambo hilo lingezingatiwa. Na usiondoke nyumbani kwenda kituo kimoja tu ukiwa na chaji ya kukufikisha hapo hapo. Bakiza ya kukupeleka kituo cha pili. Waendesha bodaboda wa umeme wa Kigali na Nairobi wamepata nafuu upande huu, maana kampuni kama Ampersand huwabadilishia betri tupu kwa iliyojaa, na mtu anaendelea na kazi. Kwa gari la familia njia hiyo bado haijatufikia.

Upande wa gharama, Kenya imewafikiria wanaochaji usiku. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa ambazo mahitaji ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Kwa Tanzania, mwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya daraja la D1, lile la nafuu la nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba kulijaza mara mbili kwa mwezi gari la kilowati-saa 40 kunavuka kiwango hicho. Akiendelea kukivuka anaweza kuhamishiwa daraja la juu, na bei itapanda kwa umeme wote wa nyumba, pamoja na wa taa na jokofu, na wanaokaa naye wana haki ya kuambiwa kabla.

Wapangaji ndio ninaowafikiria zaidi, kwa kuwa waliokwama Chicago walikuwa na hali kama yao. Norway ina sheria inayompa mmiliki wa makazi kwenye jengo la ghorofa haki ya kuweka pahali pa kuchajia. Jimbo la Illinois, lenye mji wa Chicago, lilianza kutumia sheria ya kutaka nyumba mpya ziandaliwe kwa chaji ya magari tarehe 1 Januari 2024, wiki mbili tu kabla ya baridi ile, na haikuweza kumsaidia aliyekuwa akiishi kwenye jengo la zamani. Kwetu ni makubaliano ya mpangaji na mwenye nyumba. Basi nenda kwa mwenye nyumba kabla ya kwenda kwa muuzaji wa gari. Mwonyeshe soketi itawekwa wapi, fundi ni nani, ethi itafukiwa upande gani. Mwambie utaweka mita ndogo yako, ili wapangaji wengine wasikulipie yuniti zako. Yaandikeni kwenye mkataba wa pango, wote wawili mtie sahihi. Akikataa, bora ulijue jibu hilo wakati pesa yako bado iko benki.